Fundi Asiyeshika Sura

Mama Optatus alikuwa amesimama kwenye kona ya soko la Sabasaba, Dodoma mjini, ndoo ya karanga ikiwa kichwani, pale Elieza Ndahani alipompita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme. Hakugeuka. Hakutoa shikamoo. Alipita karibu mno hata bega lake likaparuza kanga ya yule mama, akasema, "Samahani, dada," akaenda zake kutafuta plagi ya pikipiki.

Dada! Na siku sita tu zilikuwa zimepita tangu Elieza huyohuyo akae sebuleni kwa Mama Optatus kule Gulwe, ale ugali wake wa uwele na mlenda, huku mjomba wake akimposea Angelina, binti wa pili wa nyumba ile.

Jioni simu ya Elieza ikaita gerejini kwake, Chang'ombe ya palepale Dodoma.

"Eli, umemfanya nini mama?"

"Mama yupi?"

"Mama yangu! Anasema umempiga kumbo sokoni halafu ukamwita dada. Mbele ya watu wa Gulwe."

Elieza alikaa juu ya tairi kuukuu. Alijaribu kuirudisha ile asubuhi: kanga ya njano, ndoo ya bluu, harufu ya karanga. Vyote vilikuja. Uso haukuja. Kwake nyuso hazikuwahi kuja.

"Anasema una dharau," Angelina aliendelea, sauti ikianza kukatika. "Anasema mtu asiyemwona mkwe wake mchana kweupe, akishaoa atamwona nani? Amesema posa isimame."

Mtoto akizaliwa haoni, wazazi hugundua mapema. Anagonga meza, anapapasa. Asiyesikia naye, siku sufuria inaanguka nyuma yake na yeye hashtuki, nyumba nzima inajua. Lakini mtoto anayeona kila kitu isipokuwa kile kimoja ambacho watu wote hukiona bila kujua wamekiona, huyo atagunduliwa na nani? Hata mwenyewe hajui kuna kitu amekosa.

Elieza alizaliwa Bahi, kwenye majaruba ya mpunga, na akiwa na miaka sita alimfuata nyumbani mwanamke asiye mama yake. Ilikuwa Jumapili ya akina mama kanisani. Wote wamevaa kitenge kimoja, kilemba kimoja. Mtoto akashika pindo lililokuwa karibu, akatembea nalo hadi kitongoji cha pili, wala hakujua amepotea mpaka mwanamke yule alipofungua mdomo kumkaripia mbwa wake. Watu walicheka. Mama yake alilia. Ikasemwa mtoto ni mzito kidogo, atachangamka.

Hakuchangamka, alijifunza. Alijifunza sauti, kikohozi, harufu ya mafuta ya nywele, jinsi mkono wa mtu unavyoning'inia akitembea. Na kwa kuwa aliogopa kukosa adabu kuliko alivyoogopa fimbo, alimwamkia shikamoo kila ambaye hakuwa na uhakika naye. Pale Chang'ombe aliwahi kumwamkia binti wa darasa la nne aliyekuwa amevaa viatu virefu vya mama yake. "Marahaba, baba," akajibu yule binti bila hata kutabasamu, na mtaa mzima ukacheka wiki nzima.

Lakini pikipiki! Bodaboda ishirini zingeweza kuegeshwa mbele ya gereji yake, zote nyekundu, zote za aina moja, zote zimepakwa vumbi lilelile, na Elieza akitoka kunawa mikono alikuwa anajua. Ile ya kijana wa Bahi. Ile ya mchungaji. Ile imeuzwa, mbona imerudi? Wateja walidhani anasoma namba za usajili. Hakuwa anasoma chochote.

Angelina aliijua siri yake kwa njia ngumu. Alikuwa mwalimu wa chekechea jirani na gereji, na walikuwa na miezi minne ya mapenzi aliposuka nywele mtindo mpya, akaja kumwonesha. Elieza akainua kichwa kutoka kwenye kabureta, akasema kwa heshima zote, "Karibu dada, tukusaidie nini?" Angelina alicheka. Kisha akaona macho ya mwenzake hayachezi, akaacha kucheka. Walikaa kwenye benchi la wateja mpaka alipoelezwa yote, na tangu siku ile, kila alipokuja, alisema kwanza, akiwa bado mbali, "Ni mimi." Maneno mawili tu, lakini Elieza alisema hakuna mtu aliyewahi kumpa zawadi kama ile.

Jina la jambo lenyewe lililetwa na mteja. Anyitike alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mtu wa Mbeya, aliyefundisha mambo ya akili na ubongo. Siku moja alinyoa ndevu zake zote akaja kuchukua pikipiki yake, na fundi akakataa kabisa kumpa.

"Hii ina mwenyewe," Elieza alisema. "Mwalimu mmoja wa chuo."

"Mwalimu ndiye mimi!"

"Mwalimu ana ndevu."

Mtu mwingine angekasirika. Anyitike alivuta benchi akakaa, macho yanawaka. Aliuliza maswali mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza, "Ukiiangalia pikipiki yangu, unaanzia wapi? Unahesabu spoku?"

"Siangalii popote. Naiona tu, yote."

"Basi! Hivyohivyo ndivyo sisi wengine tunavyoona uso. Ubongo hausomi uso kama orodha, jicho, pua, mdomo, sikio. Unaumeza mzima, pamoja na nafasi iliyopo kati ya jicho na jicho, kati ya pua na mdomo, kwa mkupuo mmoja, kabla mwenyewe hujajua kama umetazama. Kuna sehemu kabisa ya ubongo inayoshughulikia hilo, huku chini, zaidi upande wa kulia. Wewe yako haishiki. Unabaki na vipuri. Pua unaiona, jicho unaliona, ila hakuna anayekufungia vikawa pikipiki."

Akatoa simu, akawaita mafundi wengine wawili, akawaonesha picha za watu wa mtaani. Wakataja majina kabla picha haijatulia. Elieza alibaki nyuma, akitafuta kovu, akitafuta pengo la meno. Kisha Anyitike akazigeuza picha zilezile juu chini. Mafundi wakakunja shingo. Mmoja akamtaja mama muuza vitumbua kuwa ni mwenyekiti wa mtaa. Elieza alikwenda kwa mwendo wake uleule wa polepole, kovu, pengo, kidevu, na safari hii hakuachwa na mtu.

"Umeona?" Anyitike alipiga paja. "Uso ukigeuzwa, ule uzima wake unavunjika. Sote tunarudi kwenye vipuri. Karibuni kwa Elieza!"

Elieza alisimama, akakaa, akasimama tena. "Kwa hiyo sina dharau?"

"Huna dharau, huna uvivu, huna wazimu. Mpo wengi, wengine hawajijui."

Jambo hilo lilikuwa na jina refu la Kigiriki, ambalo Elieza aliomba lirudiwe mara tatu na kulisahau mara tatu kwa furaha. Miaka thelathini na moja ya kuitwa mzito! Alifunga nati siku ile huku akiimba.

Sasa mtu atauliza, kwa nini hakuyasema hayo kwa Mama Optatus? Kwa sababu kabla binti hajatolewa, ukoo huulizwa. Kuna kifafa? Kuna wazimu? Babu alikufa kwa nini? Watu hutumwa hadi Bahi kwa siri kuchunguza. Ukisema "ubongo wangu una hivi," wao husikia "wazimu," na neno hilo halirudi mdomoni. Kwa hiyo baada ya kisa cha sokoni, Elieza aliporudi Gulwe na mjomba wake, Mzee Gerson, aliyekuwa ndiye mshenga, aliomba msamaha wa kijumlajumla: alikuwa na haraka, alikuwa na mawazo. Mama Optatus aliinuka akawapa mgongo, akaelekea jikoni, na Elieza akabaki akiutazama mgongo ule ukiondoka kama abiria anavyolitazama basi lililomwacha.

Sharti lililetwa na Brightness, mpwa wa Mama Optatus, msichana ambaye kicheko kilikuwa hakimkauki mdomoni.

"Shangazi anasema hivi. Siku ya kuvalisha pete mnajua huwa tunafunika wasichana kanga, bwana harusi anabahatisha, watu wanacheka. Safari hii hakuna kanga. Wasichana watano, nyuso wazi. Kama shemeji anamjua Angelina, amshike mkono. Akikosea, arudi kwao."

Njia nzima ya kurudi mjini Mzee Gerson alicheka. "Amekusamehe yule! Nyuso wazi? Hata mbuzi anamjua mwenzake."

Elieza alikuwa akitazama vilima vya Mpwapwa dirishani, na jasho likimtoka.

Angelina ndiye aliyetunga mbinu. "Nitashika sikio la kushoto. Ukiona mkono sikioni, ni mimi." Na kama mkono usingewezekana, kulikuwa na kidoadoa cheusi kando ya pua yake, na pengo katikati ya meno ya mbele. Elieza aliyarudia hayo kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha.

Jumamosi ile upepo wa Julai ulikuwa umetulia kwa bahati, na uwanja wa Mama Optatus ulikuwa umejaa viti vya plastiki na watu kutoka Gulwe, Mpwapwa na Dodoma. Masufuria yalikuwa yanachemka nyuma ya nyumba. Mzee Gerson aliongea kwa mafumbo, wazee wa upande wa pili wakajibu kwa mafumbo, na Elieza alikaa kimya ndani ya suti ya kuazima, kama desturi inavyotaka, maana siku hiyo bwana harusi hana mdomo. Mdomo wake ni mshenga.

Kisha vigelegele. Wasichana watano walikuwa wamesimama tayari nyuma ya pazia la shuka, na shuka likashushwa.

Elieza aliona mara moja kwamba Mama Optatus si mtu wa mchezo. Wote watano walikuwa mabinti wa ukoo mmoja, urefu mmoja, gauni moja la kitenge cha zambarau, nywele zimesukwa mtindo mmoja. Hereni hakuna. Mikono wameamriwa kuiweka nyuma. Midomo wameamriwa kuifumba. Na mpambaji aliyetoka mjini alikuwa amewapaka vipodozi vizito; hata kama kulikuwa na kidoadoa, kilikuwa kimezikwa.

Watu wote uwanjani walimwona Angelina. Watoto walimwona. Alikuwa wa nne, na macho yake yalikuwa yanapiga kelele. Lakini Elieza aliona macho kumi, pua tano, midomo mitano, kama sanduku la vipuri lililomwagwa chini.

"Haya, mwanangu," Mzee Gerson alisema kwa bashasha. "Kamchukue."

Elieza alisimama. Hatua moja, ya pili. Akaelekea kwa msichana wa pili, kwa sababu ilibidi kuelekea mahali. Kelele ikapungua. Akasita. Akahamia kwa wa kwanza. Mtu mmoja akacheka, kisha kicheko kikafa, kwa kuwa watu walikuwa wameanza kuona kwamba hatanii. Mzee Gerson akakohoa. Mama Optatus, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakunja mikono kifuani.

Angeweza kubahatisha. Moja kati ya tano. Alifikiri jambo hilo kwa muda wa pumzi mbili, na akaona kwamba hata akipatia leo, kesho atampita tena mama huyu sokoni, na keshokutwa, mpaka mmoja wao afe.

"Mama," alisema kwa sauti, "siwezi."

"Bwana harusi haongei!" mzee mmoja akafoka.

"Naongea, baba, mnisamehe. Mama, simwoni Angelina hapa. Simwoni mtu yeyote. Sokoni sikukudharau. Nilikuona, nikaona kanga na ndoo, ila uso wako haukukaa. Uso wa mama yangu mzazi haukai. Wangu mwenyewe kwenye kioo naujua kwa shati."

Uwanja ulilipuka. "Wazimu!" "Si nilisema?" "Mganga yupo Kibakwe." Angelina alikuwa ameshaanza kulia, na kwa kuwa wenzake wawili nao walianza kulia kwa kumwonea huruma, hata hilo halikumsaidia Elieza.

Mama Optatus alinyoosha mkono, watu wakanyamaza. "Hakuna binadamu asiyejua uso. Huo ni uongo wa kujifunika."

"Naomba hiyo picha, mama."

Ukutani pale mlangoni ilining'inia picha kubwa ya harusi ya Optatus, kaka mkubwa wa Angelina, ndugu wote wamejipanga. Kabla hajakatazwa Elieza aliitungua, akaigeuza juu chini, akafunika nguo zote kwa viganja vyake mpaka ikabaki safu ya nyuso tu.

"Huyu wa katikati ni nani?"

"Swali gani hilo." Mama Optatus alisogea. Akainamisha kichwa. Akakiinamisha zaidi. "Huyo... huyo ni mke wa mchungaji."

"Hapana, ni shangazi Jenifa," Optatus akadakia akiwa nyuma yake.

"Jenifa ana meno hayo?" mama akabisha.

Elieza aliigeuza picha. Katikati ya safu, akiwa amecheka, alikuwa Mama Optatus mwenyewe.

Ikawa vurugu. Watu waliacha viti. Kila mtu alitaka kuiona picha, kuigeuza, kuirudisha; mzee aliyefoka alishindwa kumtambua mke wake na akapigwa kofi la mgongoni; Brightness, mmoja wa wale wasichana watano, alikaa chini kabisa kwenye vumbi na gauni lake la zambarau, anacheka mpaka kamasi zinamtoka. "Igeuze tena! Hebu huyu? Mungu wangu, ni mimi!" Mama Optatus peke yake hakucheka. Aliishika ile picha juu chini, akiutazama uso wake ambao haukuwa uso tena.

"Wewe," akauliza taratibu, "hivi ndivyo unavyotuona? Siku zote?"

"Siku zote, mama."

"Na Angelina unampendaje?"

Hapo Elieza alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Wafunikeni kanga. Kama desturi yenu. Kisha watembee."

"Wafunikwe?"

"Gubigubi. Mtaona."

Wasichana wakarudishwa ndani kwa kelele, Mama Optatus akiwafuata. Walikaa humo kitambo, ndani kulisikika mabishano, na sauti ya Brightness ikisema, "Shangazi, hapana! Haiwezekani!" Kisha mlango ukafunguka na wakatoka watano, wamefunikwa kuanzia utosini hadi vidoleni, wakauzunguka uwanja kwa mstari.

Kwa wengine wote sasa yalikuwa mafurushi matano ya kanga. Kwa Elieza ilikuwa kama mtu amewasha taa. Yule wa mbele anachapa miguu. Wa pili ana haraka. Wa tatu, mguu wa kushoto unachelewa kidogo, kama unaomba ruhusa kwa ardhi, halafu bega linaufuata. Hakungoja hata duru moja iishe. Alikwenda moja kwa moja, akamshika mkono, akasema, "Ni wewe," na kanga ikaanguka, na alikuwa Angelina, na vipodozi vyote vimetiririka hadi kidevuni.

Vigelegele! Mzee Gerson alirusha kofia. Mtu akapiga sufuria kwa mwiko. Lakini Elieza alikuwa hajamaliza. Alikuwa analitazama furushi la mwisho, lililobaki limesimama. Hatua zake zilikuwa fupi, nzito kisiginoni, na mabega hayakutikisika kabisa, mabega ya mtu aliyebeba ndoo kichwani miaka arobaini na ambaye hata ndoo ikishatuliwa shingo bado inaibeba.

Akaenda mbele yake, akainama mpaka karibu magoti yaguse chini.

"Shikamoo, mama."

Uwanja wote ukaguna. Mama mkwe, ajipange na mabinti mbele ya mkwe wake! Dirishani Brightness aliyefungiwa ndani alikuwa ameng'ata kanga asipige kelele. Kisha, kutoka chini ya nguo, ikatoka sauti nyembamba kuliko ile watu waliyoizoea.

"Marahaba."

Akajifunua. Nywele zilikuwa zimevurugika na aibu ilimjaa, aibu na kitu kingine kilichomfanya asijue pa kuweka mikono. Wakwe wa kike walikuwa wameshika vichwa kwa mshangao, wazee wanabishana kama mila imevunjwa au imekamilika, ila yeye hakuwasikiliza.

"Mgongo wangu umeujulia wapi?"

"Siku ile uliponiacha na kwenda jikoni."

"Nilikuwa na hasira siku ile."

"Ndiyo maana niliuangalia sana."

Mama Optatus alimtazama kwa muda mrefu, kwa uso ambao Elieza hangeushika hata kama angeuangalia mwaka mzima. Pete ilikuwa inatafutwa. Mzee Gerson alikuwa ameisahau kwenye mfuko wa koti jingine, na mtu alishatumwa garini.

"Na watoto je?" mama akauliza, sasa kwa sauti ya chini, wawili tu. "Mungu akiwapa. Utawajua?"

Elieza hakutaka tena kudanganya. "Sijui, mama. Wakianza kutembea, nafikiri ndiyo."

"Na kabla hawajatembea?"

"Kabla ya hapo, sijui."

Mama Optatus aliikung'uta kanga yake, akaikunja mara mbili, mara nne.

"Basi mtawaleta hapa," alisema. "Mimi nitakuwa nakwambia huyu ni nani na huyu ni nani. Nenda ukale, umekonda."